UZI: Figo haichuji tu, inaokota. Nilivyoumbuka kwenye raundi kwa sababu ya jenta

Tabibu Mtarajiwa:

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Nipo Mbeya hapa, fildi, hospitali siitaji, baridi la mwezi wa saba linakata masikio na chai haisaidii kitu. Juzi asubuhi kwenye raundi nimeumbuka vibaya. Kuna mgonjwa yuko siku ya sita ya sindano za jenta, yaani jentamaisini ya kuua bakteria, kreatinini yake kwenye damu imeanza kupanda, dalili kwamba figo inachoka, dokta mkubwa akanigeukia mimi kati ya watu wote, "Kwa nini jenta inaumiza figo na haiumizi ini?" Nikajibu nimejiamini kabisa kwamba figo ndo inaitoa mwilini kwa hiyo inapita nyingi pale. Akasema, "Penisilini nayo inatolewa na figo, mbona haifanyi hivyo?" Kimya. Akaniambia kichwa changu kimejaa mabomba hakina seli hata moja. Watu wakacheka, mpaka mgonjwa mwenyewe akacheka na jenta yake mkononi.

Nikanunua bando, nikakesha mpaka saa nane usiku. Nilichokuta kimenifanya nione shule nzima tulidanganywa, au tuseme tuliambiwa nusu. Nakiweka hapa kwa lugha yetu, atakayeona nimekosea anirekebishe maana sijabobea.

Tulifundishwa figo ni chekeche. Kweli, kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja, na kwa siku vyote kwa pamoja vinachuja maji ya damu kama lita 180, ambapo mkojo unaotoka ni lita 1 au 2 tu, mengine yanarudishwa. Vitu vikubwa kama seli za damu vinabaki juu, vidogo vinapita. Mpaka hapo sawa.

Sasa fikiria mashine ya mpunga. Waliofika Kyela msimu wa mavuno wananielewa. Mchele mzima unabaki juu ya chekeche, chenga zinadondoka chini. Chenga si taka, ni mchele uleule umevunjika, na chini ya mashine hukosi kina mama na ungo zao wanaokota, hawaachi punje. Figo nayo ina chenga. Kuna protini ndogondogo zinapenya kichujio kila dakika, kwa mfano beta-2 mikroglobulini, au ile inayobeba vitamini A, na hata albumini ambayo ni kubwa kidogo huponyoka kiasi. Zingekuwa zinaishia chooni tungekuwa tunapoteza gramu kadhaa za protini kila siku pamoja na vitamini zilizopanda juu ya hizo protini. Hazipotei kwa sababu kina mama wapo.

Wenyewe ni seli za ule mrija wa mwanzo kabisa unaoanzia kwenye kichujio. Zina vinyweleo vingi kama brashi ya kusugulia, na kwenye vishina vya vinyweleo ndo zimepandwa ungo zenyewe, yaani vipokezi. Viko viwili vikubwa. Kimoja kinaitwa megalini, na jina limekaa sawa maana ni lidude, amino asidi (vile vipande vinavyojenga protini) zaidi ya 4,600 kwenye mnyororo mmoja. Cha pili kinaitwa kubilini. Kubilini hakina mguu wake ndani ya ukuta wa seli, kimekaa nje tu, kwa hiyo kinashikiliwa na mwenzake anaitwa amnionlesi, na kinapoingizwa ndani megalini anasaidia kukivuta.

Protini ikipita inanasa kwenye kipokezi. Pale chini ukuta wa seli unabonyea kwenda ndani kama kishimo, kishimo kinafunga mdomo, kinakuwa kifuko, kifuko kinaingia ndani na mzigo wake. Halafu, hapa ndo nilipopenda, seli inapampu asidi mule ndani ya kifuko. Asidi ikizidi kipokezi kinaachia mzigo. Kipokezi kinarudishwa juu kwenye brashi kikaokote tena, mzigo unapelekwa kwenye lisosomu ambayo ni kinu cha seli, unasagwa kuwa amino asidi, amino asidi zinarudi kwenye damu. Ungo unarudi kazini, chenga inakuwa unga, unga unarudi dukani. Mchana na usiku.

Na jenta? Jenta ina chaji nyingi chanya, na megalini hupenda kushika vitu vya namna hiyo. Akiiona anadhani ni chenga. Anaibeba, inaingizwa, inapelekwa kwenye kinu. Kinu hakiwezi kuisaga. Kesho inakuja nyingine, keshokutwa nyingine, inarundikana mpaka lisosomu inavimba na kupasuka na seli inakufa. Penisilini inatoka kwa mlango mwingine kabisa, haikai. Seli za ini hazina megalini ya kuibugia hivyo. Jibu lenyewe ndo hilo, ningelijua juzi nisingechekwa.

Kwa hiyo naona protini kwenye mkojo maana yake waokotaji wamegoma. Au vipi wakuu?

Ulanzi Togwa:

Nimeweka kambi hapa. Iringa tunasoma na kikombe mkononi.

Hesabu Kwanza:

Mkuu umeeleza vizuri ila hiyo sentensi ya mwisho futa. Umetoka kwenye "figo ni chekeche tu" ukaruka moja kwa moja kwenye "figo ni waokotaji tu". Chekeche likitoboka je?

Twende na namba. Albumini kwenye maji ya damu ni kama gramu 40 kwa lita. Zidisha kwa lita 180 za siku, unapata gramu 7,200 zinazogonga mlango wa kichujio kila siku. Vipimo vya zamani vya kutoboa mirija ya panya kwa sindano ndogo sana vilionyesha inayopenya ni kama 0.0006 ya hiyo. Kwa hesabu hiyo kwa binadamu ni gramu 4 na kidogo kwa siku, na waokotaji wanaimudu kiasi kwamba kwenye mkojo wa mtu mzima wa afya hutakuta hata miligramu 30 za albumini.

Mwaka 2007 likatoka kundi la watafiti wakasema hapana, kwa darubini yao mpya wameona kwa panya inapenya 0.034. Ukiiweka kwa binadamu ni gramu 245 kwa siku! Damu yako yote ina maji lita 3 hivi, maana yake albumini yote iliyomo ndani ya mishipa ni gramu 120. Yaani ingekuwa inapenya yote na kuokotwa yote mara mbili kwa siku. Ukaanza ugomvi mkubwa kati ya wataalamu wa figo. Wenzao walirudia kwa darubini za aina ileile wakirekebisha mipangilio, wakapata namba ndogo sana, karibu na ile ya zamani.

Nionavyo mimi chekeche ndo linafanya kazi kubwa, kina mama wanamalizia. Mtu akiwa anamwaga gramu 3.5 na kuendelea kwa siku, amevimba uso na miguu, hapo usitafute waokotaji, chekeche limetoboka. Waokotaji wakigoma peke yao mara nyingi haifiki gramu 2.

Tabibu Mtarajiwa:

Dah. Nimefuta moyoni maana hapa haifutiki. Kwa hiyo unakataa kabisa habari ya waokotaji?

Hesabu Kwanza:

Sikatai, nakataa haraka yako tu. Waokotaji wapo na kuna watu wamezaliwa bila wao ndo maana tunajua. Angalia mwaka 1960, daktari wa watoto wa Norwe, Olga Imerslund, na mwenzake wa Finlandi, Ralph Gräsbeck, kila mtu kivyake wakaeleza watoto wenye kitu cha ajabu, damu imepungua kwa kukosa vitamini B12 halafu hapohapo mkojo una protini kidogo isiyoisha. Unawachoma B12, damu inapanda, mtoto anacheza, protini kwenye mkojo iko palepale. Watu waliumiza vichwa, utumbo na figo wapi na wapi?

Baada ya miaka kama 40 ndo ikajulikana kipokezi kinachoivuta B12 mwisho wa utumbo mwembamba ni kubilini, kilekile cha kwenye figo. Kikiharibika kimoja, au yule amnionlesi anayekishikilia, unapoteza huku na huku. Na ona, watoto hao protini yao kwenye mkojo ni ya kiasi tu na figo zao nyingi zinadumu vizuri. Kama kila siku zingekuwa zinapenya gramu 245, mtoto aliyekosa kubilini angekuwa wapi?

Ulanzi Togwa:

Sasa hiyo ndo hoja. Hata mimi na kikombe changu nimeielewa.

Muuza Mchele Kyela:

Mwanangu Tabibu, hujambo. Nimeletewa huu uzi na binti yangu akisema mama njoo uone wanakuongelea. Mimi nimekaa mashineni miaka, nimeanza kwa kuokota hizohizo chenga kabla sijapata mtaji. Umeeleza vizuri ila umesahau kitu kimoja ambacho kila mwokotaji anakijua.

Mawe. Kuna kijiwe cheupe kidogo hivi, ukubwa wa chenga, rangi ya chenga, kwenye ungo kinapepetwa pamoja na chenga na hakitoki kwa upepo. Unakuja kukigundua kwenye jino la mteja. Hiyo dawa yako mimi naona ndo kile kijiwe. Ungo hauna kosa, ungo haujui kusoma. Ukikipeleka mashine ya kusaga, kinavunja jiwe la kusagia.

Tabibu Mtarajiwa:

Mama shikamoo. Ndaga fijo, asante sana. Nilikesha usiku mzima sikupata mfano kama huo na nikiulizwa tena naenda na kijiwe. Hata watafiti waliishia hapohapo, walichukua panya waliokosa megalini kwenye figo wakawachoma jenta, haikurundikana. Ondoa ungo, kijiwe kinapita na maji.

Muuza Mchele Kyela:

Marahaba. Lakini ukiondoa ungo na chenga nazo zimepita na maji.

Tabibu Mtarajiwa:

Kweli mama.

Swali langu sasa kwa walio kazini, kwa nini siku hizi jenta inatolewa dozi moja kubwa kwa siku badala ya kugawa mara tatu? Si nyingi kwa mkupuo ndo ingeumiza zaidi?

Dada wa Maabara:

Habari za jioni. Nipo Njombe, maabara, nimesoma kimyakimya toka asubuhi. Hilo jibu lake limo kwenye ungo wenu. Ungo una ukubwa wake. Ukimwaga gunia zima kwa mara moja mama anaokota ungo mmoja tu kingine kinasombwa na maji, ila ukimwaga kidogokidogo kutwa nzima anaokota chote. Ndo hivyo na jenta, vipokezi vikijaa vimejaa, inayobaki inapita kwenda kwenye mkojo. Na bakteria wenyewe wanauawa vizuri dawa ikipanda juu sana kwenye damu kwa mara moja. Ndo maana mara moja kwa siku inaumiza figo kidogo kuliko kugawa, japo kuna wagonjwa ambao daktari ana sababu ya kufanya tofauti, msije mkabadilisha dozi za watu kwa sababu ya uzi.

Na huyo mgonjwa wako siku ya sita, nakuhakikishia alikuwa anakojoa vizuri tu, si ndio? Jenta haifungi mkojo mara nyingi. Watu wanaangalia mkojo upo wanasema figo nzima.

Tabibu Mtarajiwa:

Anakojoa kama kawaida dada. Nusu lita na zaidi kila zamu.

Dada wa Maabara:

Ndo hapo. Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Wote mnaongelea "protini kwenye mkojo" kama kitu kimoja. Mnaipimaje? Kwa stripu. Ile karatasi ya kuchovya, njano inageuka kijani. Ile rangi inaiona albumini, basi. Zile chenga halisi, beta-2 mikroglobulini na wenzake, karibu haizioni. Kwa hiyo waokotaji wanaweza kuwa wamegoma wote na stripu ikasoma hasi au alama ndogo tu, na mtu anaambiwa mkojo safi nenda nyumbani.

Kuna asidi moja ya sulfosalisiliki, ukiidondoshea kwenye mkojo protini ya aina yoyote inaganda unaona ukungu. Kipimo cha kizamani, vijana wanakidharau. Niliwahi kupata mkojo wa mzee mmoja mgongo unamuuma miezi, damu imepungua, stripu hasi kabisa. Nikasema ngoja. Kudondoshea asidi, mkojo ukawa kama maji ya kuoshea mchele. Ilikuwa vipande vya kingamwili vinavyotengenezwa na saratani ya uboho. Vile ni vidogo, vinapenya chekeche, megalini na kubilini wanaviokota mpaka wanachoka, vinavyozidi vinaziba mirija. Hapo chekeche zima, ungo zima, ila mashine inamwaga chenga malori.

Halafu nyie mnaopenda beta-2 mikroglobulini kwa sababu imo vitabuni, kwenye mkojo wenye asidi inaharibika ikiwa bado kwenye kibofu. Unapima unakuta haipo kumbe imeyeyuka. Ile ya kubeba vitamini A inavumilia zaidi. Kwa kweli huku kwetu zote mbili hatupimi kila siku, nasema tu ili mjue.

Fundi Bomba:

mi nilidhani uzi wa mabomba nimeingia kwa kichwa cha habari lkn nimesoma mpaka mwisho. endeleeni

Mzee wa Makambako:

Vijana hamjambo. Mimi si wa afya, nina duka la pembejeo. Nimesoma polepole na hiyo habari ya stripu imenigusa, naomba nieleze mnisaidie.

Ndugu yangu, umri miaka 52, anatumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, hizi za TLD, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, mwaka wa nne sasa na anazimeza vizuri hakosi. Kuanzia mwaka jana anakonda, mifupa inauma hasa nyonga na mbavu, anatembea kama ana miaka 80, anakunywa maji sana na usiku anaamka kukojoa mara tatu nne. Tukaenda sehemu moja ya binafsi, wakachovya mkojo wakasema sukari alama tatu, protini alama moja, una kisukari. Wakampa vidonge vya kisukari. Mwezi wa pili huu. Kila tukipima damu kwa kidole ni 5, mara 4.8, hata kabla hajaanza vidonge nilikuwa naona 5. Wanasema ndo dawa inafanya kazi. Mimi ni muuza mbolea lakini hesabu hiyo hainikai.

Dada wa Maabara:

Mzee shikamoo. Hainikai na mimi.

Naomba unijibu, kabla ya vidonge hivyo kuna siku yoyote sukari ya damu ilipanda zaidi ya 10? Na hivyo vidonge siyo zile dawa mpya za kisukari zinazofanya kazi kwa kumwaga sukari kwenye mkojo? Maana hizo zinageuza stripu kwa makusudi.

Mzee wa Makambako:

Marahaba binti. Haijawahi kufika hata 7. Vidonge ni metifomini. Na stripu ya sukari alama tatu ilikuwa kabla ya kidonge cha kwanza, nina karatasi.

Dada wa Maabara:

Sukari ya damu ikiwa chini ya 10 figo nzima inairudisha yote, haitoi. Ikitoka wakati damu ina 5 maana yake ule mrija wa mwanzo haurudishi. Ni mrija uleule tunaouongelea toka asubuhi. Una kazi nyingi, unaokota protini na kurudisha sukari, fosfeti, amino asidi, bikaboneti. Seli zake zikiumwa, vyote vinamwagika kwa pamoja, na wataalamu wana jina lake, wanaita Fankoni. Fosfeti ikimwagika mifupa inalainika inauma. Tena kuna la vitamini D, ile inayotoka kwenye ini inasafiri imebebwa na protini yake, inapenya chekeche, megalini anaiokota aiingize ndani ya seli, na ndani ya seli hiyohiyo ndo inageuzwa kuwa ile inayofanya kazi. Panya wasio na megalini wanaimwaga kwenye mkojo na mifupa yao inakuwa mibaya. Kwa hiyo mwokotaji akigoma mifupa inapigwa huku na huku.

Na tenofovia, ile T ya TLD, ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kuumiza seli hizo. Siyo kwa njia ya ungo, inaingilia mlango wa nyuma upande wa damu, ikirundikana inachosha mitambo ya nishati ya seli. Inatokea kwa wachache sana.

SIKILIZA MZEE, naandika kwa herufi kubwa kwa makusudi, ASIACHE DAWA MWENYEWE. Huku kwetu nyanda za juu ndo tunaongoza nchi nzima, utafiti wa 2016 na 2017 Njombe watu wazima wenye virusi vya ukimwi asilimia 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3, na TLD inawaweka watu hai. Nendeni kliniki yake anayochukulia dawa, siyo pale binafsi. Mwambie daktari maneno haya, sukari kwenye mkojo na kwenye damu hakuna, mifupa inauma, anatumia tenofovia. Aombe kreatinini na fosfeti za damu, mkojo upimwe upya. Bebeni karatasi zote.

Hesabu Kwanza:

Nakazia. Na tazama protini yake, alama moja tu. Kwa stripu hiyo ni ndogo mtu anaiacha. Nilichobishania asubuhi kwamba gramu nyingi ni chekeche, hapa ni upande wa pili wake, kidogo kisichoeleweka chenye sukari pembeni ni waokotaji. Tabibu ulikuwa umekosea ila hukukosea sana.

Tabibu Mtarajiwa:

Nashukuru kwa msamaha wa nusu.

Mzee, mi naongeza tu kwamba mueleze daktari dawa zote, hata za maumivu. Kama mifupa inauma miezi hiyo yote lazima kuna dikilofenaki zimenunuliwa dukani, na zile na figo iliyochoka haziendani.

Mzee wa Makambako:

Zimenunuliwa sana. Nitamwambia. Kliniki yao ni Jumanne.

Ulanzi Togwa:

Wakati tunamsubiri mzee, mi nina swali la mlevi. Huyo megalini alijulikana lini, maana shuleni sikumsikia na nilisoma baiolojia mpaka kidato cha sita.

Hesabu Kwanza:

1982, Kerjaschki na Farquhar. Hawakuwa wanatafuta mwokotaji. Walikuwa na panya ambao maabara inawasababishia ugonjwa wa figo kwa kuwafanya kinga yao ishambulie figo, wakawa wanatafuta kinachoshambuliwa ni nini hasa. Wakakuta protini kubwa mno kwenye brashi. Mpangilio wake kamili ukasomwa 1994 na hapo ndo akapata hilo jina. Kwa hiyo kama ulimaliza kidato cha sita kabla ya hapo umesamehewa, kama ni baada ni ulanzi.

Ulanzi Togwa:

Ni ulanzi.

Muuza Mchele Kyela:

Na mimi nina swali. Hao waokotaji wakishakufa kwa sababu ya kijiwe, wanarudi wengine?

Dada wa Maabara:

Wanarudi mama. Seli za mrija huo zina uwezo wa kuzaliwa upya, zile zilizobaki hai zinagawanyika na kujaza pengo. Jenta ikisimamishwa mapema wengi kreatinini inarudi ndani ya wiki chache. Ikiachwa mpaka mrija umepata makovu hapo hazirudi zote.

Tabibu Mtarajiwa:

Wa kwetu imesimamishwa juzi ileile, leo ilikuwa haijashuka ila haijapanda. Dokta mkubwa leo hakuniuliza kitu, kamuuliza mwenzangu habari za kifua. Nilikuwa nimejiandaa na kijiwe changu nikarudi nacho.

Fundi Bomba:

pole mkuu kitatumika tu

Mzee wa Makambako:

Vijana, nimerudi. Samahani mtandao ulisumbua na mvua ya mawe ilipiga viazi vya watu huku.

Tulienda Jumanne. Daktari kijana wa kike, nilivyomwambia maneno yale akasimamisha kalamu, akaomba karatasi zote, akazisoma moja moja. Kreatinini imepanda, fosfeti ya damu ipo chini. Mkojo sukari bado alama tatu, damu 4.9. Vidonge vya kisukari ameviondoa. Dikilofenaki ameikataza kabisa, alivyosikia idadi akashika kichwa. Tenofovia imetolewa, imewekwa abakavia na nyingine mbili zimebaki zilezile. Amepewa fosfeti ya kunywa, analalamika inamuendesha tumbo.

Nilimuuliza kama ule mrija utapona akasema wengi wanapata nafuu taratibu ila wengine figo hairudi yote, turudi baada ya wiki nne tukapime.

Dada wa Maabara:

Asante kwa kurudi mzee. Fosfeti igawanywe kidogokidogo kwa siku, asimeze yote kwa mkupuo, tumbo litatulia. Mwulize daktari kwanza lakini. Na siku ya kipimo aje na mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza.

Mzee wa Makambako:

Nimeandika kwenye daftari la mbolea.